Chafya ya Tupokigwe

Siku ya vipimo wanaume wa kiwanda chetu cha chai hugeuka watoto. Fundi wa boila, mtu mzima mwenye wajukuu, alijificha kwenye stoo ya magunia mpaka nikamfuata mwenyewe na kumtoa. Dereva wa trekta alibana tumbo juu ya mizani kana kwamba mizani ina macho. Mwingine alidai presha yake imepanda kwa sababu ya kuniona mimi, nikamwambia basi atazame ukutani na anyooshe mkono. Nilikuwa na haki ya kuwasema hivyo. Nilikuwa somo wao.

Kazi ya somo siku ile ni kushika mikono. Tabibu Chengula anachoma sindano, anavuta damu, anapima sukari na macho. Mimi nakaa upande wa pili wa meza nimemshika mtu mkono mwingine mpaka amalize. Miaka sita mfululizo nilikuwa nimewashika wote, watu mia tatu na kumi na wawili, na wote walikuwa wanatembea na kitu changu mwilini. Sijisifu. Ndivyo chanjo yetu inavyotengenezwa.

Tangu mafua yalipoanza kubadilika sura kila kipupwe, chanjo za kuletwa kutoka nje zilikuwa zinafika zimeshapitwa. Ugonjwa zilioandaliwa kuupiga umekwisha kuwa mwingine. Ndipo ikaja Sheria ya Chungu. Kila mahali pa kazi penye watu zaidi ya mia pana mashine yake, ndefu kama kabati la nguo, na watu wanaiita Chungu kwa sababu inapika. Inapima damu ya kila mfanyakazi, inatafuta mwili mmoja ambao tayari unajua kupambana na mafua ya eneo lile, inaiga ujuzi wa mwili huo, halafu inaupika kwa siku tisa. Mwili mmoja tu. Zamani walijaribu kuchanganya miwili, dawa ikaharibika. Mwenye mwili huo ndiye somo wa mwaka. Sheria inampa cheti na soda. Sisi wa Mufindi tukaongeza ya kwetu: kikombe cha kwanza cha chai ya saa nne ni chake, na akipita karibu na benchi mtu anampisha.

Kwangu hilo halikuwa jambo dogo. Niliingia kiwandani nikiwa mjane wa miaka thelathini na moja, nina mtoto wa miaka tisa mwenye pumu, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua jina langu zaidi ya mwandishi wa mahudhurio. Nilikuwa yule mama wa chumba cha kuchambua. Chungu ndicho kilichonitoa pale. Kiliposema Semeni Kihwele, kiwanda kizima kikageuza shingo.

Sasa Tupokigwe. Alikuja kutoka Rungwe mwezi wa nne, binti wa miaka ishirini na sita, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya chini inayomfanya kila mtu ainame ili amsikie. Walimpanga chumba cha kunyaushia majani pamoja na mwanangu Jenista. Haukupita mwezi, kila sentensi ya Jenista ikawa inaanza na Tupo. Tupo anasema chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, si nzuri kwa kifua. Tupo anajua kupika ndizi za nyama. Jumapili moja mwanangu akarudi nyumbani kichwa kimesukwa mtindo wa Tupo, mistari midogo midogo inayokutana kisogoni.

Nywele za Jenista nilizisuka mimi tangu zilipoota. Ana miaka ishirini na miwili, na hajawahi kukaa chini ya miguu ya mwanamke mwingine. Nilimwambia amependeza. Kisha nikaenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Nilimwonea wivu yule binti, sizunguki. Nilimwonea wivu kwa nywele, kwa sauti, kwa namna watu walivyomzoea upesi ilhali mimi ilinichukua miaka saba na mashine.

Asubuhi ya vipimo nilimkuta kwenye chumba chetu cha kuchambua, ametumwa kuleta magunia. Alisimama katikati ya mashine za kuchekecha, vumbi la chai linapaa, akapiga chafya. Akapiga tena. Mara ya tatu akacheka na kujifuta pua kwa ncha ya kitenge. Kila mgeni wa chumba cha kuchambua hupiga chafya. Majani yaliyokauka hutoa manyoya membamba sana, yanakwenda moja kwa moja puani, na mwili huchukua miezi kuyazoea. Mimi mwenyewe nilipiga chafya miezi mitano. Nilimtazama, nikaendelea na kazi.

Saa sita akafika kwenye meza ya tabibu. Alinisalimia, "Shikamoo, Somo," akanipa mkono. Ulikuwa mkono wenye joto la kawaida, mkavu, wa mtu mzima wa afya. Nikaubana kuliko ilivyohitajika.

*

Matokeo hayasomwi na tabibu peke yake. Sheria inasema somo anayemaliza muda wake aitwe, asome pamoja naye, kisha atoe neno. Kwa hiyo saa tisa nilikuwa zahanati, nimekaa mbele ya kioo cha Chungu, na Tabibu Chengula amesimama nyuma yangu anafuta miwani yake kwa koti.

Jina la kwanza: Tupokigwe Mwaisaka, tisini na moja. La pili: Semeni Kihwele, sabini na nne.

Hesabu yake ni rahisi. Ukiwachanja watu mia kwa chungu cha Tupokigwe, tisini na mmoja hawataugua. Kwa chungu changu, sabini na wanne. Sheria inakataza kupika kitu kilicho chini ya sabini, kwa hiyo mimi bado nilikuwa halali. Lakini tofauti ni watu kumi na saba katika kila mia, na kwa kiwanda chetu ni zaidi ya watu hamsini. Niliipiga hesabu hiyo kichwani kabla tabibu hajavaa miwani. Nisije nikasingizia baadaye kwamba sikuijua.

Roho iliniuma mpaka nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Hata kiti chake hakijapata joto, nilijisemea. Juzi tu alikuwa anauliza choo kiko wapi.

"Umri wake unamsaidia," tabibu alisema kwa upole. Alikuwa mtu mwema, na wema wake siku ile ulinikera. Akachukua fomu, akauliza swali ambalo alikuwa ameniuliza mara sita na mara sita nilikuwa nimejibu hapana. Kuna yeyote niliyemwona na dalili za mafua siku hizi?

Swali hilo lina sababu. Mwili ambao mafua yameuingia jana na juzi hujitutumua, damu yake inaonekana hodari kupita kiasi, halafu baada ya siku chache inashuka. Ukipika kutoka kwenye mwili kama huo unapika maji matupu. Na Chungu kinapima damu, hakipimi pua. Kinahitaji siku tano kuyaona mafua ndani ya damu. Kwa hiyo sheria inamtegemea somo, ambaye amemshika kila mtu mkono na anakaa nao kazini.

"Huyo binti alipiga chafya," nikasema. "Leo asubuhi, mara tatu. Nimemwona kwa macho yangu."

Kalamu yake ikasimama. "Chafya za mafua?"

"Mimi si tabibu."

Hapakuwa na uongo hata mmoja ndani ya maneno yangu. Aliandika yote kama nilivyosema, nikaweka sahihi.

*

Kwa desturi yetu somo ndiye anayetangaza. Kesho yake saa nne nilisimama juu ya kreti mbele ya kiwanda kizima, ukungu umetufunika mpaka magotini, nikasema kwamba Chungu kilimpendekeza Tupokigwe, ila kwa bahati mbaya ana dalili za mafua, na kwa hiyo tutaendelea na mimi. Walipiga makofi. Kikombe cha kwanza kikaja, na sukari ilikuwa nyingi kama ninavyopenda.

Tupokigwe aliambiwa akae ndani siku saba kwenye nyumba za wafanyakazi. Kabla ya kuondoka alinifuata, akasimama mbali kidogo ili asiniambukize, akaomba radhi. Alisema hakujua kama anaumwa, asingekuja kazini, asingekubali kunipa mkono mezani. Nilimwambia anywe tangawizi. Nilipomtazama akienda zake nilisikia raha, na raha hiyo ilidumu siku mbili nzima.

Siku ya tano tabibu aliniita. Alikuwa amekwenda kumtoa Tupokigwe damu ya pili, kama inavyotakiwa, na damu ilikuwa safi. Hapakuwa na mafua, wala hayajawahi kuwepo. Aliniuliza siku ile nilimwona wapi akipiga chafya. Nikamwambia: chumba cha kuchambua.

"Basi labda lilikuwa vumbi," akasema.

"Labda," nikasema.

Alijilaumu yeye. Alisema alipaswa kuniuliza hilo tangu mwanzo, miaka minane yuko kiwandani na vumbi la chai analijua. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, kila mtu hukosea, jina langu halitatajwa. Kisha akafungua bomba la chini la Chungu, dawa yangu ya siku tano ikamiminika kwenye beseni, rangi yake kama maji ya kuoshea mchele. Nilisimama pale mpaka ikaisha.

Watu waliambiwa kwamba chungu kimemwagwa, kwamba Tupokigwe ni mzima, na kwamba tunaanza upya siku tisa kwa damu yake. Hawakuambiwa kwa nini. Na binadamu ukimnyima sababu anajitafutia mwenyewe.

Mafua yaliingia siku ya tatu ya zile tisa. Yalianzia kwa wachumaji wa shamba la juu, yakashuka. Kufikia Ijumaa walikuwa wamelala watu kumi na wanane, na fundi wa boila alipelekwa hospitali akiwa anavuta hewa ya mtungi. Sababu ikapatikana bila kutafutwa sana. Si mimi mwenyewe nilitangaza mbele ya watu kwamba yule binti ana mafua? Basi ndiye aliyeyaleta. Na chungu kimemwagwa kwa sababu ya mikosi yake. Aliporudi kazini hakuna aliyekaa naye benchi moja. Walimsukumia majani kwa fimbo ya kusafishia mitaro.

Mimi sikusema neno baya juu yake. Kila waliponiambia, nilitikisa kichwa kwa huzuni, na kichwa changu kikafanya kazi yote.

Kisha siku moja, nimetoka kazini, nikamkuta Jenista amekaa mlangoni na kitana mapajani. Alisema kichwa kinamwasha, nimfumue. Akakaa chini, mgongo wake ukaegemea magoti yangu. Nilifumua ule mtindo mstari mmoja baada ya mwingine, taratibu, na sikukumbuka ni lini mara ya mwisho nilikuwa na furaha kiasi kile. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi kidogo. Baridi ya mwezi wa saba huwa haimpendi. Aliniambia ameacha kwenda kwa Tupo.

"Mama, kama wangekuacha wewe tu, sasa hivi tungekuwa tumeshachanjwa."

Nilipitisha kitana. Nikamwambia akae sawa, nisije nikamvuta.

*

Siku ya chanjo Tupokigwe alikaa kwenye kiti changu. Alikuwa amevaa gauni safi la buluu, mikono imewekwa mezani, viganja juu, tayari kuwashika watu. Tabibu alikuwa amepanga sindano kwenye sinia. Watu wote walikuwepo uwanjani, na hakuna aliyesogea.

Tabibu akaita jina la kwanza, hakuna aliyeitika. Akaita la pili. Akaeleza kwamba dawa hii ni tisini na moja, kwamba Chungu chetu hakijawahi kutoa kitu kama hicho. Akasema binti hakuwa mgonjwa, lilikuwa kosa, na kosa ni lake yeye tabibu. Watu wakamsikiliza kwa adabu kama mtu anayemtetea ndugu yake. Sheria hailazimishi mtu kuchanjwa, inalazimisha tu kumpa nafasi.

Ndipo Jenista akatoka mbele. Alikuwa amejifunga shuka mabegani na kichwani ana mistari yangu, minene, iliyonyooka. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye lango kwamba yeye hachanjwi na damu ile. "Nasubiri ya mama yangu."

Watu wakaitikia. Mmoja alisema tabibu awashe Chungu upya, siku tisa si nyingi. Mwingine akasema Somo ndiye aliyetulinda miaka sita. Wakaanza kunigeukia, mmoja mmoja, na mwishoni wote walikuwa wananitazama mimi, nyuso zile zote, na mwanangu katikati yao ananitazama kuliko wote, kwa fahari.

Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka. Nilikipata chote kwa mpigo, na hakuna aliyekuwa amebaki kwa Tupokigwe hata mmoja.

Jenista akakohoa. Akatoa dawa yake ya kuvuta, akavuta mara mbili, akangoja, akavuta tena. Mluzi wa kifua chake niliusikia kutoka pale nilipokuwa. Fundi wa boila hana pumu, na bado alikuwa kwenye mtungi. Siku tisa. Na mwisho wa siku tisa, sabini na nne.

Tupokigwe hakuwa analia. Alikuwa bado ameweka viganja vyake mezani, na alinitazama mimi pia, kama wengine, akingoja nimsaidie.

Nilijaribu kwanza kusema kijanja. Niliwaambia binti ni mzima, mimi namjua, wamwamini. Wakanisifu kwa moyo wangu mzuri. Mama mmoja akasema, mnaona utu huo? Nikaona kwamba kuna mlango mmoja tu wa kutokea pale.

"Hakuwa na mafua," nikasema. "Lilikuwa vumbi la chai. Mimi ndiye niliyemwambia tabibu amepiga chafya, na nilijua ni vumbi."

Hawakuelewa mara moja. Ilinibidi niseme tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu nilisikia sauti yangu. Nilisema nilikuwa wa pili. Nilisema nilimwonea wivu. Nilisema kama ningenyamaza siku ile wangekuwa wamechanjwa kabla mafua hayajashuka kutoka shamba la juu, na fundi angekuwa hapa. Tabibu aliketi kwenye kreti, akavua miwani yake, hakuifuta.

Jenista ndiye aliyeuliza. "Ulijua lini, Mama?"

"Tangu asubuhi ile ile."

"Na uliponisuka?"

"Nilijua."

Jenista akaivua shuka mabegani, akaikunja vizuri, akaiweka chini. Akaenda kwenye meza, akakunja mkono wa sweta. Niliona akimwambia Tupokigwe kitu, sikukisikia, na Tupokigwe akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Sindano ikaingia. Baada yake foleni ikajipanga yenyewe, ikazunguka uwanja, ikanipita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe.

Mimi nilichanjwa mwisho. Sitaki kulieleza hilo.

*

Walininyang'anya cheti na haki ya kutoa neno, na meneja akaniacha kazini kwa sababu hakuna mwingine anayejua madaraja ya chai kama mimi. Fundi wa boila alirudi mwishoni mwa mwezi, amekonda. Nilikwenda kumwomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akaendelea kuchochea moto.

Jenista alihama Jumamosi. Hakugomba. Alinisalimia shikamoo, akachukua godoro lake, sufuria yake ndogo na blanketi la kijivu, akaniuliza kama mkaa wa wiki utanitosha. Alikwenda kukaa kwa Tupokigwe, nyumba ya tatu kutoka langoni. Kwangu hapiti. Tukikutana kazini ananiamkia, namwitikia, basi.

Usiku kifua chake ndicho kilichokuwa saa yangu. Miaka kumi na mitatu nililala sikio moja liko kwake, nikijua kwa mluzi ule kama kesho kutakuwa na jua au baridi. Sasa nyumba iko kimya na sijui lolote. Nilivumilia wiki tatu. Wiki ya nne nikamkuta Tupokigwe dukani ananunua mchele, amesimama peke yake, na mimi nikajikuta nimeshafika karibu.

Nilimuuliza kama Jeni analala vizuri.

Alifunga mfuko wake wa mchele, akaukaza fundo, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Angeweza kuninyima. Nilikuwa nimeshajiandaa kunyimwa.

"Analala vizuri, Mama," akasema kwa sauti yake ile ya chini. "Kifua hakilii tena. Anageukia ukutani, halafu anatupa blanketi, namfunika."

Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote, na wivu ulinikaba palepale dukani, mkali kuliko siku zote.